Ukitaka historia ya kituo cha televisheni, anza kwa dereva

Nilipoanza kukusanya historia ya televisheni za hapa kwetu Mwanza, miezi 6 ya mwanzo niliimalizia maofisini. Niliandika barua, nikakaa mapokezi, nikaitwa, nikapewa soda na maelezo. Wakubwa watatu wa kituo kimoja walinitajia miaka mitatu tofauti ya kituo hicho kuanza. Nilidhani kuna anayenidanganya. Baadaye nikagundua wote walisema kweli: mmoja alihesabu tangu leseni ilipotoka, wa pili tangu picha za majaribio zilipoanza kuonekana, wa tatu tangu siku mgeni rasmi alipokata utepe. Kwa hiyo ukiuliza "mlianza lini?", usiishie hapo. Uliza mlipata leseni lini, picha ya kwanza ilirushwa lini, mlizindua lini. Ziandike zote tatu, kila moja na jina lake.

Kilichoninyanyua ni kaunta buku moja jekundu, kona zimeliwa na panya. Ilikuwa ya mzee wa Igoma aliyekuwa dereva wa kituo. Kwa miaka yote ya kazi aliandika kila safari kwa kalamu ya bluu: tarehe, anakokwenda, nani kapanda, mafuta lita ngapi. "Magu, maonyesho." "Kamanga, kivuko." "Sengerema, ajali, tulilala." Aliandika hivyo ili asije kudaiwa mafuta, na hakujua kwamba alikuwa anatunza kumbukumbu. Mkurugenzi alinipa hotuba, mzee huyu akanipa kalenda. Tangu siku ile, nikienda kwenye kituo chochote namuulizia kwanza dereva, mlinzi wa mnara, fundi mitambo na dada aliyekuwa anapokea matangazo ya misiba mapokezini. Watangazaji nawaendea mwishoni, kwa sababu wao wameshazoea kusimulia na hadithi zao zimeshapigwa pasi.

Niseme kwa nini naona jambo hili ni kubwa. Tanzania Bara tulichelewa sana kupata televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi tukisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Ni sheria ya utangazaji ya 1993 iliyofungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV ikaanza kuonekana Dar es Salaam. Kila kitu kilikuwa Dar. Ndiyo maana Mwanza kuwa na chombo chake, Star TV, ndugu wa Radio Free Africa chini ya Sahara Media Group ya Anthony Diallo, kikarusha kutoka kanda ya Ziwa na kuonekana nchi nzima, kulikuwa na uzito ambao kijana wa leo mwenye simu hawezi kuupata. Bei ya dagaa mwaloni Kirumba ikawa habari. Kivuko kikichelewa, ikawa habari. Nani ameandika hayo? Wachache mno, na waliokuwa wanayajua wanazidi kutuacha.

Kuhusu tarehe, msimbane mtu. Mama akikuambia "sikumbuki mwaka", mwekee matukio anayoyajua. Mimi natembea na karatasi moja yenye tarehe chache: MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996; Mwalimu Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama; Mwanza ikawa jiji mwaka 2000; mitambo ya analojia ikazimwa hapa mwishoni mwa Februari 2013 tukaingia kwenye ving'amuzi. Namuuliza: televisheni mlinunua kabla ya msiba wa Mwalimu au baada? Mlikuwa bado na televisheni ya chogo ving'amuzi vilipokuja? Hapo kumbukumbu inafunguka yenyewe.

Lakini kuwa makini. Baba mmoja wa Nyakato aliniapia kwamba alitazama habari za MV Bukoba kwenye televisheni siku ile ile. Nilimuuliza alikuwa amekaa wapi. Akanyamaza, akasema kwenye kigoda, nje, kwa jirani. Televisheni ilikuwa nje? Hapana. Kilichokuwa nje ni redio. Picha alikuja kuziona baadaye, na akilini zikaungana na sauti aliyoisikia siku ya msiba. Hakuwa mwongo. Swali la "ulikuwa umekaa wapi" limenisaidia kuliko swali jingine lolote.

Uliza pia kuhusu antena. Mji wetu ni wa mawe na vilima, na mawimbi ya televisheni hupenda njia iliyonyooka. Jiwe likikaa katikati yako na mnara, unaambulia chenga. Nyumba moja Mabatini ilipata picha safi, ya pili yake, hatua 20 tu nyuma ya jabali, haikupata kitu mpaka antena ifungwe kwenye mwanzi mrefu na mtoto atumwe kuuzungusha huku baba akipaza sauti kutoka ndani: "Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Nikawa namuuliza kila mtu antena yake ilitazama upande gani. Nikichora mishale hiyo kwenye ramani, naona mnara ulifika wapi na nani aliachwa nje. Hakuna faili la ofisi lililonipa hicho.

Sasa kanda za video, na hapa nina jambo linaloniuma. Nikiwa kijana wa mafunzo kwenye kituo fulani, kazi yangu ilikuwa kurudisha kanda nyuma na kumpa mpiga picha arekodie juu yake. Kanda zilikuwa ghali, hivyo habari za Jumatatu zilifutwa na za Alhamisi. Hata BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vyake vingi miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu kama hiyo. Lakini mkono uliofuta vya kwetu, kwa sehemu, ni wangu.

Kwa hiyo kilichofutwa kituoni kitafute majumbani. Waliokuwa na deki walirekodi: mechi ya uwanja wa CCM Kirumba, kwaya ya parokia, taarifa ya habari ambayo shemeji alionekana sekunde nne. Na kati ya hayo kuna matangazo ya maduka na vyuo vya cherehani, ambayo kituo chenyewe hakikuwaza kuyatunza. Mwambie mwenye kanda asiruke matangazo. Mara nyingi ndiyo nayataka.

Kabla ya kuiweka kanda kwenye mashine, inyanyue kwenye mwanga uitazame kupitia kidirisha chake. Mimi sikufanya hivyo. Nililetewa ndoo ya kanda zilizokaa uvunguni Kirumba, karibu kabisa na maji, nikachomeka ya kwanza. Picha ilikaa kidogo, ikawa chenga, ikapotea. Nikachomeka ya pili, ya tatu, vile vile. Nilipoitoa ya kwanza na kuitazama vizuri, ukingo wa utepe ulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Ukungu. Ulikuwa umeziba kichwa cha deki, na mimi nikaupeleka kwenye kanda mbili zilizokuwa nzima. Ukiona unga huo, itenge kanda, iweke pakavu penye hewa, usiianike juani, mtafute fundi anayejua kuifungua na kuisafisha. Zilizo nzima, vunja kile kibao kidogo cha kanda za VHS, au sogeza swichi kwenye kanda ndogo za MiniDV, ili mtu asije akarekodia juu yake.

Kisha hamisha bila kuchelewa. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba mashine za kuchezea kanda za sumaku zinakwisha duniani. Ukipata deki nzima mnadani, inunue. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuihamisha, hakuna njia ya mkato, na MiniDV ya dakika 60 inataka kama GB 13. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kabla ya kuonyesha kitu hadharani, kaombe ruhusa kituoni, maana kanda inaweza kuwa ya mama fulani lakini kipindi kina wenyewe.

Na rudisha vitu vya watu. Watafiti wengi wamepita kwenye nyumba hizi wakachukua albamu wakatokomea, na mlango wanaokufungia wewe ni hasira ya wale. Daftari la mzee wa Igoma nilikaa nalo wiki mbili, nikapiga picha kila ukurasa, nikachapisha nakala, nikampelekea vyote viwili. Alilipokea kwa mikono miwili, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaomba kalamu. Akaandika tarehe ya siku ile, na chini yake: "Nyumbani. Mgeni, mmoja. Mafuta, hakuna."