Jirani amepata mdhamini: je, tukope ili tusiachwe?

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mpira upande wa Langoni, mjini Lamu. Watani wetu wa Mkomani wametangaza mdhamini wa KSh 900,000 kwa miaka mitatu, na wachezaji wetu wawili, mmoja ana miaka 17, wanataka kuwafuata. Sisi msimu uliopita tuliingiza KSh 310,000 kwa jumla. Safari moja ya ugenini, yaani boti hadi Mokowe, basi, chakula na malazi, inatugharimu kama KSh 48,000. Wanachama wanataka tukope KSh 400,000 kwa tajiri mmoja wa mtaani ili tuwalipe wachezaji posho ya kila mwezi. Pia kuna wakala anayetaka KSh 60,000 kwanza, kisha atuletee kampuni ya kamari itakayotoa milioni mbili. Tufanye lipi ili tuwafikie jirani?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu mweka hazina. Swali lako limejaa pesa za watu wengine: za jirani, za tajiri, za kampuni ambayo hujaiona. Pesa zenu wenyewe umezitaja kwa sentensi moja. Barua nyingi za viongozi wa timu za pwani ziko hivi, na ndiyo maana jibu langu litaanza na ile laki tisa iliyowanyima usingizi.

Laki tisa kwa miaka mitatu ni laki tatu kwa mwaka. Mikataba ya ngazi hii huwa na sehemu ya vifaa, na vifaa huhesabiwa kwa bei anayoitaka mdhamini. Tuseme jezi, mipira na viatu vimeandikwa KSh 120,000 kwa mwaka. Taslimu inayobaki ni KSh 180,000, nayo kwa kawaida hulipwa kwa awamu. Zikiwa awamu tatu, kila moja ni KSh 60,000. Sasa gawanya ile 180,000 kwa 48,000 yako ya safari: unapata safari tatu na robo tatu. Huo ndio utajiri uliowatikisa. Afadhali kuwa nao kuliko kuukosa, sikatai, lakini haumlipi mtu mshahara.

Kosa hili la kulinganisha matangazo badala ya mapato ya mwaka halifanywi Lamu peke yake. Mwaka 2022 Yanga ilitangaza mkataba na kampuni ya kamari ya SportPesa wa takriban shilingi za Tanzania bilioni 12.3, na wiki chache baadaye Simba ikatangaza M-Bet, nayo ya kamari, kwa bilioni 26.1. Aliyeangalia tarakimu tu aliona Simba imempita mtani wake zaidi ya mara mbili. Aliyesoma muda wa mikataba aliona jingine: ya Yanga ni miaka 3, ya Simba ni miaka 5. Kwa mwaka ni kama bilioni 4.1 kwa 5.2. Tofauti ipo, ila si ile iliyoimbwa mitaani. Na hapa Kenya, mwaka 2020 ligi kuu nzima ilipata mkataba wa kampuni nyingine ya kamari, BetKing, wa KSh bilioni 1.2 kwa miaka 5, ukavunjika baada ya msimu mmoja. Klabu iliyokuwa imepanga bajeti ya miaka mitano juu ya mgao wake ilibaki na karatasi.

Hilo linanifikisha kwenye kampuni ya kamari ya wakala wako. Mwaka 2018 SportPesa ilisimamisha udhamini wake wa michezo nchini kwa sababu ya kodi, ikarudi, kisha mwaka 2019 ikaondoka tena ilipokosa leseni. Gor Mahia na AFC Leopards, mahasimu wakubwa kuliko wote nchini, waliachwa vifua vitupu kwa pamoja, na wachezaji wakakaa miezi bila malipo. Kampuni hiyohiyo ilikuwa kifuani mwa Everton ya Uingereza, na huko nako mkataba ulikatishwa mwaka 2020. Kampuni ya kamari hulipa vizuri, lakini biashara yake inaweza kufungwa kwa saini moja ya serikali. Halafu uko Langoni, bwana. Jezi yenye jina la kamari itakataliwa na wazee kabla haijafika kwa dobi, na wazazi wa vijana wako watawatoa uwanjani. Hata milioni mbili zingekuwa za kweli, mngepoteza mtaa.

Sasa mkopo. Chukua wachezaji 20, posho ya KSh 2,000 kwa mwezi kila mmoja. Ni 40,000 kwa mwezi, kwa hiyo laki nne zinaisha baada ya miezi kumi. Mwezi unaofuata wachezaji wamezoea kulipwa, sanduku ni tupu, na deni liko palepale, lote. Kwa mizani ya UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, tangu msimu wa 2025/26 klabu zilizo kwenye mashindano yake haziruhusiwi kutumia zaidi ya 70% ya mapato kwa gharama za kikosi, yaani mishahara, ada za usajili na mawakala. Asilimia 70 ya mapato yenu ni KSh 217,000. Posho mnayoipanga inafika 400,000, yaani 129% ya kila senti mliyoingiza, kabla hamjalipa boti hata moja. Everton, ambayo uwanja wake wa zamani ulitenganishwa na wa Liverpool na bustani tu, ilitumia bila breki kuwakimbiza wakubwa. Hasara yake ya miaka mitatu hadi 2022 ilikuwa pauni milioni 124.5 huku kikomo cha ligi kikiwa milioni 105. Ikakatwa alama 10 mwaka 2023, zikapunguzwa kuwa 6 baada ya rufaa. Nao walikuwa na pesa za televisheni.

Kukopa si dhambi. Mkope kwa kitu kinachorudisha pesa, kama jezi za kuuza au ukuta wa mabati kuzunguka uwanja mnaoumiliki ili mtoze kiingilio. Posho hairudishi kitu. Na mkikopa kwa mwanachama, iandikwe kiasi, tarehe, kwamba hakuna riba kama ndivyo mlivyokubaliana, italipwa kutoka mapato gani, na saini za mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mkopo wa mdomo una tabia ya kugeuka umiliki. Miaka miwili baadaye mkopeshaji ndiye anayechagua kocha, na hakuna katiba ya klabu wala cheti cha Msajili wa Michezo kitakachomzuia, kwa kuwa hamna karatasi ya kuonyesha kwamba ni mdai tu.

Lakini kinachoniudhi kuliko yote haya ni neno moja la swali lako: "tuwafikie". Kwenye kusajili wachezaji, ni kweli, Mkomani ni wapinzani wenu. Kwenye kuuza udhamini ni washirika wenu, na nyote hamjui. Mfikirie mwenye duka la vifaa vya ujenzi Lamu. Wateja wake wanatoka pande zote mbili. Akiweka jina lake kifuani mwa Langoni, Mkomani wote watanunua saruji kwingine, hivyo anakataa, anasingizia biashara mbaya. Wafanyabiashara wa Glasgow, Uskoti, walilijua hili zamani. Rangers na Celtic hawapendani hata kidogo, lakini walivaa mdhamini mmoja kwa miaka mingi: NTL tangu 1999, Carling kutoka 2003 hadi 2010, kisha Tennent's. SportPesa nayo iliwachukua Gor na Leopards kwa pamoja, na Tanzania Simba na Yanga kwa pamoja. Hakuna shabiki anayemnunia mdhamini wa namna hiyo, kwa sababu yuko kote.

Kwa hiyo bidhaa yenye thamani kubwa kuliko zote mlizonazo ni mechi ya watani, na nusu yake ni ya Mkomani. Kaeni nao, viongozi watatu kwa watatu, bila mashabiki. Wao tayari wana mdhamini, kwa hiyo kwanza waulizeni kama mkataba wao unamzuia mwingine wa biashara tofauti. Kisha uzeni mechi mbili za watani za msimu kama kifurushi kimoja: mabango ya pembeni, jina la kombe, jina kwenye mikono ya jezi za pande zote mbili, mgao nusu kwa nusu. Haki ya upekee mpeni mdhamini kwa aina ya biashara tu. Mwenye saruji asikutane na saruji nyingine, ila benki, maji ya chupa na hoteli ya Shela waweze kuingia. Andikeni ukubwa wa nembo kwa sentimita, idadi ya mechi, tarehe za malipo, na notisi ya siku 60 kwa anayetaka kuvunja. Bonasi ya ubingwa msiwaahidi wachezaji isipokuwa imeandikwa pia upande wa mdhamini.

Tarehe za malipo zina maana kubwa kisiwani. Hoteli huwa na pesa wakati wa kaskazi, wageni wakiwa wengi, na nyingi hufunga au hupunguza watu mvua za masika zikiingia. Ukimpa mwenye hoteli awamu ya Mei, umejiandikia deni baya. Awamu yake kubwa iwe Januari. Na kampuni yoyote iliyosajiliwa itakuomba ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo KRA haiikubali. Klabu isiyo na PIN yake, akaunti ya benki yenye saini mbili na namba yake ya M-Pesa hupoteza mdhamini hapo hapo, na wanachama hubaki wakisema wamerogwa.

Jezi za kuuza mnaweza kuzianza bila mdhamini yeyote. Ukiagiza 100 kwa KSh 650 kila moja, umetoa KSh 65,000. Ukiuza kwa KSh 1,000, jezi 65 za mwanzo zinarudisha mtaji tu, na faida inaanzia ya 66. Timu nyingi huuza 70, hugawa 15 kwa marafiki wa mwenyekiti, na 15 za saizi ndogo na kubwa mno huozea stoo. Hapo faida ni KSh 5,000. Agizeni 60, mchukue nusu ya bei mbele, msimpe mtu jezi kwa mkopo hata kama ni shemeji, na msiandike mwaka mgongoni. Nembo isajilini KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, darasa la 25 la mavazi na la 41 la michezo. Usajili hudumu miaka 10 na fundi wa uchapaji hataweza kuuza jezi yenu bila ruhusa.

Kuhusu yule kijana wa miaka 17: kama hana mkataba, hamwezi kumfunga kamba. Kinachowezekana ni kuhakikisha misimu yake yote kwenu imo kwenye usajili wa kielektroniki wa shirikisho, na aondoke kwa fomu yenye tarehe. Akiuzwa siku moja nje ya nchi kwa ada, FIFA hukata 5% ya ada hiyo kwa klabu zilizomlea: 0.25% kwa kila msimu aliotimiza miaka 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Kijana aliyekuwa kwenu kuanzia msimu wa miaka 13 hadi 17 anawaachia 1.75%. Kwa ada ya dola 200,000, hiyo ni dola 3,500, zaidi ya mapato yenu ya msimu mzima. Kuhama kwake kwenda Mkomani hakuleti mchango huo, wala hakuufuti kwa misimu iliyopita. Kinachoufuta ni kutosajiliwa. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na ofisi hiyo husoma kumbukumbu za usajili. Picha ya timu ukutani kwenu haiisaidii kitu.

Na hapa niseme kwa timu zote, kutoka Faza hadi Malindi. Mtu akija kutaka "kununua asilimia" ya mchezaji wenu ili agawane nanyi akiuzwa, mwonyesheni mlango. FIFA ilipiga marufuku umiliki wa namna hiyo tangu tarehe 1 Mei 2015, na klabu ndiyo inayoadhibiwa. Akija anayeuza barua za majaribio Ulaya kwa wazazi, muulizeni leseni yake ya uwakala ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani na majina yake yako wazi kwa yeyote kuyatafuta. Akija anayewauzia wafuasi 20,000 wa mitandaoni ili mvutie wadhamini, jueni kwamba mdhamini mwenye akili atauliza wangapi wako Lamu. Wote hawa wana alama moja: wanalipwa kabla ya kazi. Wakala wa udhamini wa kweli hukata kamisheni yake, tuseme 10%, kutoka kila awamu inapoingia kwenye akaunti ya klabu, na awamu isipoingia naye hapati.

Wakala wako mwambie hivyo hivyo, kwa maandishi: 10% ya kila awamu, hakuna malipo ya mbele. Akikubali, mwulizeni jina la kampuni na mwandikie barua afisa wake wa masoko moja kwa moja. Akikataa, ile KSh 60,000 inalipa safari moja ya ugenini na inabaki 12,000 ya mipira.