Mama anaimba kaswida lakini jina langu halitamki

SWALI: Shikamoo dada, nipo Ujiji. Mama yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na Kiswahili kikakata. Nikimuuliza chai au uji anasema "hiki... hiki..." afu machozi yanamtoka, jina langu lenyewe halimtoki. Ila Kiha maneno mawili matatu anaongea, na kaswida anaimba mwanzo mwisho hakosei! Majirani wanasema kachanganyikiwa, wengine eti anajifanyisha. Hii inakuwaje jamani, na mimi nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mama hajachanganyikiwa wala hajifanyishi, hao majirani waambie hivyo hivyo. Anajua anachotaka ila neno halitoki, hebu fikiria uchungu wake.

Mkono wa kulia unaongozwa na ubongo wa kushoto, na kwa watu wengi sana lugha nayo iko zaidi upande huo huo wa kushoto, ndo maana mkono na maneno vimeondoka pamoja. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alikuwa na mgonjwa anaitwa Leborgne, ukiongea naye anaelewa vizuri tu lakini akifungua mdomo linatoka "tan", "tan" basi. Alipofariki Broca akaangalia ubongo wake akakuta umeharibika kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza shida nyingine, hao wanaongea mfululizo ila hayaeleweki na wenyewe hawaelewi wanachoambiwa, kwao kumeharibika nyuma zaidi, usawa wa sikio. Kwa ulivyoeleza, mama yako anafanana na yule wa kwanza.

Sasa kaswida. Sauti ya wimbo inategemea sana ubongo wa kulia, ambao kwa mama umesalimika, afu kitu ulichokariri tangu chuoni kinatoka kama kamba moja, huhitaji kutafuta neno moja moja. Kwa wengi hata salamu na kuhesabu kunabaki. Na Kiha? Lugha mbili hazina vyumba viwili kichwani, zinachangia sehemu kubwa, ila mara nyingi inayorudi mapema ni ile mtu aliyoizoea zaidi, sio kwa kila mtu lakini. Kama Kiha ndo kinatoka ongeeni Kiha, usimlazimishe Kiswahili.

Ukimuuliza, shika kikombe mkono mmoja na bakuli la uji mwingine, uliza kitu kimoja, afu nyamaza umsubiri, usimmalizie neno hata kama roho inakuuma. Tumia na wimbo: "nataka chai" iimbeni pamoja polepole huku unamgonga gonga mkono wa kushoto, wataalamu wa matamshi wanatumia njia hiyo tangu miaka ya 1970. Jina lako nalo litie humo humo. Dawa za presha asiruke hata siku moja, na kliniki ulizia kama kuna mtaalamu wa matamshi, waambie na hiyo habari ya kaswida maana itawasaidia kujua pa kuanzia.