Maswali ya Wasomaji: Huyu Mzee wa Kwenye Rupia Tano ni Nani?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi nipo Muscat, kuna jamaa wa Kerala (kusini mwa India) tunafanya naye kazi gereji kanipa sarafu ya rupia 5 ya mwaka 2006, upande mmoja wale simba wa India, upande wa pili sura ya mzee. Nikamwambia huyu si Gandhi, akacheka mpaka basi, anasema ni guru wao. Ni nani, na je ina hela au niitupie tu kwenye droo?
Msomaji, Muscat

JIBU: Shukuru alicheka. Huyo ni Sree Narayana Guru, mwalimu wa dini wa Kihindu, na India ilitoa sarafu za aina mbili, rupia 5 na rupia 100, kuadhimisha miaka 150 tangu azaliwe. Kwao ni Chempazhanthy, karibu na Thiruvananthapuram, jamii ya Waezhava ambao wengi wanawajua kwa kugema tembo la mnazi (ndiyo, kama wagema wa pwani kwetu), na enzi zile mtu wa tabaka lao haingii hekalu la wakubwa, barabara nyingine za kuzunguka hekalu nazo marufuku, na akikutana na Brahmin (tabaka la juu, la makuhani) inabidi akae mbali asije akamtia najisi.

Sasa 1888 huyu bwana akazama mto Neyyar pale Aruvippuram, akaibuka na jiwe, akalisimika, akasema huyu ndiye Shiva (mungu mkubwa wa Wahindu). Kazi hiyo ilikuwa ya Mabrahmin peke yao kwa hiyo wakaja juu, na jibu lake Kerala wanalisimulia mpaka leo: eti yeye kamsimika Shiva wa Kiezhava tu. Ubishi ukaishia hapo, maana utamjibu nini mtu kama huyo? Baadaye akaendelea na mahekalu na shule, akawaambia watu wake hao hao waache kugema, kuuza na kunywa tembo (fikiria unamwambia mgema hivyo!), na mwaka 1927 pale Kalavancode akasimika kioo badala ya sanamu, yaani ukienda kuabudu unajiona mwenyewe. Alifariki 1928. Msemo wake mkubwa ni tabaka moja, dini moja, Mungu mmoja kwa binadamu.

Kuhusu hela usijipe presha, rupia 5 iliyochakaa haikutajirishi. Angalia chini ya mwaka: alama ya almasi ni ya kiwanda cha sarafu cha Mumbai, nyota ni Hyderabad, kidoti ni Noida, na kama hamna kitu ni Kolkata. Ila tafadhali usiisugue na dawa ya kung'arisha, wakusanyaji wakiona mikwaruzo wanaikimbia.

SWALI: Kuna mtu mtandaoni anauza ile ya rupia 100 ya guru huyo huyo, anasema ni fedha tupu (madini ya silva) na aliipata kwenye chenji sokoni India. Nichukue?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapo kwenye chenji ndipo aliponichekesha. Hizi za rupia 100 hazikutolewa zizunguke sokoni, viwanda vya serikali vinaziuza kwa wakusanyaji, zikiwa zimepakiwa vizuri. Na fedha tupu si kweli, fedha ni nusu tu, 40% shaba, halafu nikeli 5% na zinki 5%. Ya kweli ina uzito wa gramu 35 na upana wa milimita 44, yaani ni dude kubwa linajaza kiganja, kwa hiyo mwambie mkutane kwa sonara mwenye mizani ya dijitali, ipimwe mkiwepo wote wawili, na uende na sumaku mfukoni, ikinasa achana nayo. Akianza visingizio vya kutokutaka kwenda kwa sonara basi jibu umeshapata, na pesa usitangulize kwa simu hata akikuapia.