Jibu: Afya ya vijana wa atelye (karakana) ndogo

Ndugu yangu, umeuliza utalindaje afya ya vijana 6 wa atelye yako ya mbao hapa Goma wakati faida yenyewe ni ndogo.

Anza na siku ya ugonjwa. Anayelipwa kwa siku hakubali kubaki nyumbani. Atakuja akiharisha, achote maji kwa kikombe cha wote. Kwangu mmoja alikuja hivyo, ameegemea benchi, midomo imekauka, randa bado mkononi. Iliniuma sana, maana aliogopa kukosa pesa yangu ya siku moja. Tangu hapo siku 2 za kwanza za ugonjwa nazilipa, na sijajuta. Tena sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu.

Maji ya ziwa yatiwe klorini, yakae nusu saa kabla ya kunywewa, kwenye kidumu chenye koki. Sabuni iwe karibu na choo.

Vumbi la mbao ndilo tunalolidharau. Lile laini la msasa huingia mapafuni, na baada ya miaka mingi linaweza kuleta saratani ya pua. Pigeni msasa nje, nyunyizeni maji kabla ya kufagia, mtu asijipulize nguo kwa kompresa. Kitambaa puani hakitoshi, nunua barakoa za vumbi.

Halafu waulize wenyewe kinachowaumiza. Wangu walitaja mgongo, tukainua benchi kwa mawe ya volkano mpaka usawa wa kiuno.