Deki inasoma VCD, DVD inaikataa

Swali: Shikamoo fundi. Niko Bombo. Deki yangu ni ya siku nyingi. VCD za zamani, zile za sinema za kutafsiriwa na maveejay, inazicheza bila shida. Nikiweka DVD ya harusi ya dada yangu inazunguka, inagonga-gonga kidogo, halafu inaandika NO DISC. Jirani anasema deki imekufa, ninunue flashi. Ni kweli? Na kama diski hizi zinafanana, kwa nini hawakubaki na aina moja tu?

Jibu: Marahaba. Zinafanana kwa macho yako, si kwa macho ya deki. Zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, lakini data imo katika vishimo vidogo vilivyojipanga kwenye mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje. Kwenye VCD, mzunguko mmoja na wa pili vimeachana mikromita 1.6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwenye DVD ni 0.74, na vishimo vyenyewe ni kama nusu ya vile vya VCD. Leza ya VCD, ambayo wimbi la mwanga wake ni nanomita 780 (mikromita 0.78), ni butu kwa kazi hiyo, ndiyo maana DVD inasomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Kwa hiyo deki ya DVD huwa na leza mbili, mara nyingi chini ya lenzi moja. Moja inaweza kuchoka na mwenzake akabaki mzima. Nadhani ndipo ulipofika.

Usikate tamaa kabla ya kujaribu mambo mawili. Peleka diski ya harusi kwenye deki ya jirani huyohuyo. Ikikataa hata huko, tatizo ni diski: pengine mpiga video aliichoma, yaani alirekodi kwenye diski tupu, akasahau kuifunga mwishoni ("finalize") ili deki nyingine ziisome. Kisha azima DVD halisi ya kiwandani, uiweke kwenye deki yako. Ikicheza ile na ya harusi ikakataa, leza inazeeka. Diski ya kuchomwa hutumia rangi badala ya vishimo vya kweli na kwa kawaida hurudisha mwanga kidogo zaidi, kwa hiyo leza dhaifu huanza kushindwa hapo.

Halafu safisha lenzi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na moshi wa sigiri hutengeneza utando unaonata. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti kidogo, upanguse kwa kuzungusha bila kukandamiza. Lenzi imeshikwa na vinyaya vyembamba kama nywele. Na usichungulie deki ikiwa inawaka. Ile leza ya 780 karibu haionekani, lakini jicho inaliumiza.

Kuna fundi atakayekuambia "naongeza nguvu", azungushe kiskurubu kidogo kilicho pembeni mwa lenzi. Mkatalie. Nilipokuwa kijana nilimfanyia mteja hivyo, akaenda akifurahi, na baada ya wiki chache akarudi na leza iliyoungua kabisa. Nilimlipa lenzi kwa pesa yangu.

Sasa hilo la aina moja. Diski za kwanza za sinema za kusomwa kwa leza ziliuzwa Marekani, Atlanta, Desemba 1978. Zilikuwa pana sentimita 30, kama santuri za muziki, na upande mmoja haukuzidi dakika 60, kwa hiyo ulinyanyuka katikati ya sinema ukaigeuze. Picha ilishinda ya kaseti, ila bei ilikuwa ya wenye nazo. VCD ilikuja 1993: ndogo, rahisi, lakini inabeba dakika 74 tu hivi, na picha yake ni nukta 352 kwa 288. Mtu akikimbia gizani unaona miraba. DVD, iliyotoka Japani 1996, ina gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja na picha ya 720 kwa 576. Sinema nzima inaenea, pamoja na lugha kadhaa na maandishi chini.

Mimi ninachokipenda zaidi ni kwamba hakuna kinachoigusa diski isipokuwa mwanga. Aliyewahi kuona kaseti imetafunwa, utepe umening'inia kama utumbo, atanielewa. Hakuna kurudisha nyuma pia. Unaruka moja kwa moja hadi keki inapokatwa.

Jambo moja watu hawalijui: kwenye VCD data iko juu, chini tu ya lebo. Mkwaruzo wa upande wa lebo ndio unaoiua. Ya DVD imebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6.

Flashi nunua, lakini kwa ajili ya kunakili harusi. Rangi ya diski ya kuchomwa huharibiwa na jua na joto.

Ukiamua kubadilisha lenzi, yaani kile kifaa kizima chenye lenzi na leza zake, mwangalie fundi kwa makini. Lenzi mpya nyingi huja na tone la lehemu la kuikinga na umeme tuli. Achomeke utepe wa nyaya kwanza, ndipo aliondoe tone hilo. Akilisahau, hata VCD zako zitakataa.