Kabla hujalaumu skrini ya sona, angalia kilichoko majini

Wenye boti wengi wanaoniletea sona, kile kifaa cha kupima kina na kutafuta samaki kwa sauti, hapa Mwanza huanza na maneno yale yale: "Fundi, skrini imekufa." Ukiiwasha inawaka vizuri, rangi zote zipo, ila namba ya kina inapepesa au haisomi kabisa. Hapo mara nyingi ugonjwa uko kwenye transdyusa, kile kipande cheusi kinachokaa majini, au kwenye waya wake.

Ndani yake kuna kipande cha kauri. Kikipata umeme kinatetemeka na kutoa mlio. Mwangwi ukirudi na kukigonga, chenyewe kinatoa umeme. Mambo haya yalianzia vitani. Mwaka 1917 Mfaransa Paul Langevin alikuwa akitumia jiwe la kwatzi kutafuta namna ya kunasa nyambizi za Wajerumani. Nyambizi za leo nazo zina sona, ila hupenda zaidi kusikiliza kimya kimya, maana ukipiga mlio umeshajitangaza ulipo. Sisi wa ziwani hatuna adui wa kumwogopa. Mlio ukimpata sangara, sehemu kubwa ya mwangwi hurudi kutoka kwenye bondo lake, ule mfuko wa tumboni, kwa kuwa lina hewa. Ndiyo, bondo hilo hilo mnalogombania bei soko la samaki la Mwaloni Kirumba.

Sasa ukienda kununua spea, beba ile ya zamani na usome kibandiko kwenye waya. Plagi kuingia hakumaanishi vitu vinaelewana: skrini iliyopangwa kwa kilohezi 200 (kipimo cha kasi ya mtetemo wa mlio) ukiipa transdyusa ya 50 pekee, utaona ukungu tu. Na usikubali kuuziwa ya bei kali "ya kina kirefu". Ziwa Victoria kwenye shimo lake kubwa ni mita 80 na kidogo, kilohezi 200 inatosha kabisa.

Kufunga ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Kwenye boti ya faiba unaweza kuigundisha ndani, mlio ukapita, mradi faiba ni nzito isiyo na tabaka la hewa. Kwenye mbao sahau. Ifunge nyuma kwa nje, chini kabisa, mbali na propela, maana mapovu yake ni ukuta kwa sauti. Halafu mwambie fundi wa rangi aizibe kabla hajapaka boti. Nimeshaletewa transdyusa "mbovu" ambayo nilipoikwangua rangi ilisoma.

Waya usiukate, hata kama ni mrefu kupita kiasi. Uzungushe uufunge, usiulaze pamoja na nyaya za injini. Kiungo cha tepu kinaingiza maji, na baada ya hapo skrini inajaa nukta ambazo mtu anadhani ni dagaa. Ukoga uoshe kwa sabuni na brashi laini. Petroli na thina zinakula plastiki.

Kabla hujatoa pesa, pima betri kwanza, maana iliyochoka nayo huleta dalili hizo hizo. Kisha washa sona, itoe transdyusa majini na uisogeze sikioni kwa sekunde chache tu: nyingi utazisikia zikigonga tik, tik, tik. Kukiwa kimya, kagua plagi kama ina kutu ya kijani, ndipo uende dukani. Na muuzaji wa mtumba asiyetaka uijaribu majini kwanza, mwachie mzigo wake.