Maji ya kisima yenye floraidi na uji wa mtoto

Dada wa Usa River, umeuliza kama maji ya kisima yakichemshwa yatamfaa mwanao wa miezi saba. Kwa upande wa floraidi, yaani madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu tu; floraidi inabaki, tena maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Na meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi ndani ya fizi. Floraidi ikizidi, hayo ndiyo huja kuota na madoa ya kahawia.

Endelea kumnyonyesha, maziwa yako yana floraidi kidogo mno. Uji mpikie kwa maji ya mvua, ukayachemsha, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Magadi nayo yana floraidi, usimtilie kabisa, nakuomba. Kisima kipimwe: kikomo cha floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi nyingi hudhuru na mifupa, kwa hiyo ukiona miguu yake inapinda, mwahishe hospitali.